Kahawa ileile, kifaa kilekile, mbona Njombe inakataa?

"Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kila baada ya miezi miwili nazunguka Dodoma, Iringa na Njombe kwa muda wa wiki mbili, nalala gesti. Kaka yangu aliniletea AeroPress, kile kibomba cha plastiki cha kutengenezea kahawa kwa kuisukuma kwa mkono, nami huibeba pamoja na kahawa ya Moshi iliyosagwa tayari. Nyumbani Dar nafuata maelekezo, maji yakichemka nasubiri dakika mbili, na kahawa inatoka nzuri mno. Nikifika Dodoma inakuwa nzito, imepooza, kama nimekoroga chaki. Njombe ndiyo balaa: nyepesi, chachu, kama maji ya kusuuzia kikombe. Rafiki ananishauri ninunue kimashine cha espresso, ile kahawa nzito ya funda chache, cha kusukuma kwa mkono. Ninunue?"

Marahaba, binti yangu. Usinunue.

Kifaa chako hakina kosa, na ushahidi umenipa mwenyewe. Kahawa ni ileile, kifaa ni kilekile, mkono ni wako uleule. Kilichobadilika ni maji, na ni mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Dodoma unaharibiwa na maji. Njombe unaharibiwa na mlima, ukisaidiwa na hizo dakika mbili za kusubiri. Ukipeleka kimashine cha espresso kwenye maji yaleyale na mlima uleule, utapata kikombe kibaya kilekile, ila kidogo zaidi na cha bei zaidi.

Tuanze na Dodoma. Ukifika gesti, fungua kifuniko cha birika la umeme ulilowekewa chumbani, mulika ndani kwa tochi ya simu. Utaona ukoko mweupe umeganda chini, na vipande vingine vimebanduka vinaelea kama maganda ya yai. Neno lako "chaki" si tusi wala mfano, ni chokaa kwelikweli. Dodoma kwa miaka mingi imetegemea maji ya visima vya Makutupora, na maji ya ardhini hupita kwenye miamba yakiokota madini njiani. Kalsiamu na magnesiamu zikiwa kwa kiasi si adui, tena husaidia kuvuta ladha kutoka kwenye unga; maji yasiyo na madini hata chembe hutoa kahawa kali isiyo na mwili, yaani isiyojaa mdomoni. Mkorofi ni bikaboneti. Yeye kazi yake ni kuzima asidi, kama vile mtu mwenye kiungulia anavyolamba magadi akapata nafuu. Sasa kahawa ya Kilimanjaro inaishi kwa asidi yake, ule ukali wenye utamu ndani, kama chungwa lililoiva nusu. Ukiuzima, kinachobaki kikombeni ni uchungu na uzito.

Dawa yake ya haraka ni maji ya chupa, lakini usichukue chupa yoyote tu. Soma lebo. Wengi huandika jumla ya madini yaliyoyeyuka, kwa kawaida kwa herufi TDS. Tafuta yenye namba kati ya 75 na 150, na yenye bikaboneti ndogo. Chupa ya lita moja na nusu inakutosha asubuhi nne kwa kikombe kimoja, na bado unabaki na ya kunywea dawa.

Ukiwa huna chupa, kuna njia ya bibi zetu. Chemsha maji ya bomba jioni, yaache yatokote dakika kadhaa, kisha yaache yatulie hadi asubuhi. Sehemu ya chokaa huganda na kuzama. Mimina yale ya juu taratibu bila kutikisa, ya chini mwaga, halafu chemsha upya yale ya juu. Hii hupunguza ugumu wa maji. Haiondoi chumvi yenyewe, kwa hiyo kama maji ya mahali unayaonja chumvi ulimini, kama vile visima vingi vya pwani kwetu, usihangaike, nenda dukani.

Fanya jaribio moja tu safari ijayo: vikombe viwili, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya chupa, kahawa sawa, muda sawa. Vionje vikiwa vimepoa kidogo, si vya moto. Moto huficha aibu nyingi.

Haya, Njombe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapojilaumu bure. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 pale ambapo hewa inakandamiza kwa uzito wa usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua uzito, na maji yanaachiliwa kuchemka mapema. Kadiri ya haraka ni nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Dar yanachemka kwa 100. Dodoma, mita elfu moja na mia moja na ushee, kama 96. Iringa karibu 95. Njombe iko juu zaidi, inakaribia mita 2,000, na pale birika linabubujika, mvuke unafoka, kitufe kinaruka chenyewe, kumbe maji yana nyuzi 93 au 94 tu. Huwezi kuyapandisha zaidi hata ukiyachemsha hadi yakauke.

Nyuzi 93 si mbaya. Kahawa iliyokaangwa kiasi inapenda maji kati ya 90 na 96. Tatizo ni kwamba wewe, ukiwa pale juu, bado unasubiri dakika mbili. Asubuhi ya Julai Njombe, chumba baridi, dirisha lina ukungu, kikombe cha udongo ni cha baridi kama kimetoka mtoni, AeroPress yenyewe imelala usiku kucha kwenye begi. Maji yameanza na 93, yakapoa dakika mbili, yakaingia kwenye plastiki baridi. Yanapougusa unga yameshateremka mpaka themanini na kitu. Maji ya namna hiyo huvuta asidi kwanza, maana asidi ni nyepesi kutoka, na utamu unabaki umelala kwenye unga. Ndiyo hiyo chachu na wepesi uliouona. Kahawa yako ya Njombe haikuungua wala haikuharibika, imetolewa kabla haijaiva.

Na kama siku nyingine mhudumu alikuletea maji kwenye chupa ya chai, yaliyochemshwa tangu alfajiri ya wateja wa kwanza, basi hata hayo 80 huenda hukuyapata.

Utaniuliza, mbona karatasi iliyokuja na kifaa inasema maji yasiwe ya moto sana? Ni kweli inasema. AeroPress ilibuniwa na Mmarekani Alan Adler, aliyejulikana kwanza kwa pete ya kuchezea ya kurusha angani, ikaingia sokoni mwaka 2005. Yeye alikuwa anaukimbia uchungu, akagundua kuwa maji ya nyuzi 80 hivi yanampa kikombe laini. Kwa kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi, namkubalia. Kwa kahawa ya Moshi iliyokaangwa kiasi, rangi ya kahawia isiyong'aa mafuta, anakosea, na tangu kifaa kianze kushindaniwa duniani mwaka 2008 pale Oslo, washindani wenyewe wamekuwa wakitengeneza kila mmoja kwa joto lake na muda wake. Karatasi ile ni ushauri tu. Dar inakubeba kwa sababu maji yanaanza juu, joto la chumba ni la Dar, na hata ukisubiri dakika mbili bado una nafasi.

Sasa tuje kwenye pesa uliyotaka kuitumia. Unabeba kahawa iliyosagwa tayari kwa safari ya wiki mbili. Harufu unayoisikia ukifungua pakiti siku ya kwanza ndiyo hiyo inayoondoka. Buni nzima iliyokaangwa hukaa wiki kadhaa ikiwa na uhai, unga huanza kupoa ndani ya siku chache, hasa pakiti ikifunguliwa na kufungwa kila asubuhi. Lakini kwako kuna hasara kubwa kuliko harufu: unga uliosagwa mara moja huwezi kuubadilisha. Njombe, ambako maji hayawezi kupata moto zaidi, namna ya kuyasaidia ni kusaga laini zaidi ili yapate pa kushika. Wewe umefungwa na kipimo cha Dar.

Kwa hiyo nunua mashine ya kusagia ya mkono. Iwe na meno ya chuma, si kisu kinachozunguka kama cha blenda, kwa sababu kisu hukata ovyo. Kikombe kimoja unapata vumbi na mawe pamoja, vumbi linatoa uchungu na mawe yanatoa uchachu, halafu unabaki hujui umlaumu nani. Ukiwa dukani, shika jino la kati kwa kidole ulitikise. Likicheza, liache hapohapo. Angalia pia kama kipimo chake kinageuka kwa hatua zinazolia "tik, tik", ili ukisema nimepunguza hatua mbili ujue ni mbili. Bei yake itakuwa karibu na hiyo ya kimashine cha espresso. Ndiyo maana nasema usinunue hicho.

Na kimashine chenyewe? Si kibaya. Lakini kinataka unga laini mno na wa kulingana, yaani kinataka mashine ya kusagia iliyo bora kuliko ninayokushauri, na kinabeba gramu nane hivi kwa mara moja, kinakupa funda mbili tatu. Halafu kina vipande vingi vya kuosha, na sinki la gesti unalijua. Mwenye nacho nyumbani akakizoea, abebe. Wewe unaanza kazi saa mbili asubuhi na mafaili ya watu.

Hata lile birika la Kiitaliano la kuweka jikoni, moka, silishauri kwa mtu wa gesti. Nalipenda sana, Bialetti alilitoa mwaka 1933 na halijahitaji kurekebishwa kitu. Lakini linataka moto wako mwenyewe. Niliwahi kulibeba safari ya kusini, basi likalala Makambako, alfajiri nikamwomba mama ntilie mmoja anipishe kwenye jiko lake la mkaa kabla hajabandika supu. Akanipisha. Mkaa ule ulikuwa umekolea mwekundu, moto ukapanda pembeni mwa birika, na kabla kahawa haijaanza kukoroma juu, mkono wa plastiki ukaanza kulegea na kudondoka kama mshumaa. Mama akaliopoa kwa kanga, akalitazama, akaniuliza, "Baba, hiki chombo ni cha kupikia au cha kuchezea?" Sina jibu mpaka leo. Kahawa tulikunywa, ilikuwa na harufu ya ndala iliyoungua.

Ukiwa na gari lako na jiko dogo la gesi, hiyo ni habari nyingine. Ila siku ukipanda ndege, kumbuka mtungi wa gesi hauruhusiwi kabisa, si mkononi wala kwenye begi la chini.

Sasa nikupe mkono wangu wa Njombe, nilivyofanya mara ya mwisho nilipokuwa pale. Gramu 15 za buni. Sikubeba mzani, nilizipima nyumbani nikazitia kwenye vifuko vidogo vya zipu, kifuko kimoja asubuhi moja, kwa hiyo hata hesabu ya siku zilizobaki unaijua kwa kuvihesabu. Saga laini kuliko Dar, punguza hatua mbili tatu, unga uwe karibu na chumvi ya mezani. Chemsha maji mara ya kwanza, yote yamwage: nusu ndani ya AeroPress na nusu kwenye kikombe, vyote vipate joto. Hii si mbwembwe, ndiyo nusu ya dawa. Chemsha tena. Wakati birika linaanza kuvuma, mwaga maji ya kupasha. Simamisha kifaa kichwa chini, kisukumio kikiwa chini na mdomo ukitazama juu, ili kahawa isidondoke kabla ya wakati, kisha tia unga. Kitufe kikiruka tu, mimina hapohapo, usihesabu hata kumi. Mimina kidogo kwanza, unga wote ulowane; utauona unavimba na kutoa mapovu, hiyo ni hewa iliyobaki tangu kukaanga, na ikivimba vizuri ujue kahawa ni changa. Sekunde 30. Kisha jaza hadi karibu na ukingo, koroga mara tatu nne, funika kwa kifuniko chenye karatasi ya kuchujia uliyoilowesha.

Acha dakika mbili na nusu. Dar ningekwambia moja na nusu.

Geuza juu ya kikombe kwa mikono miwili, polepole, juu ya sinki, maana kugeuza huku kumewachoma watu vidole. Sukuma kama nesi anavyosukuma bomba la sindano kwa mtoto, sekunde 30 nzima. Ukisikia "tsss", acha, usikamue mpaka mwisho. Kahawa itakuwa nzito kidogo, ongeza maji ya moto mpaka uipende. Jumla ya maji ifike kama mililita 240.

Onja. Ikiwa bado chachu, kesho saga laini zaidi hatua moja. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, legeza hatua moja. Badilisha kitu kimoja kwa siku, kama unavyofanya kwenye hesabu zako. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichorekebisha ni kipi.

Iringa nenda katikati: saga kama Njombe, muda kama dakika mbili. Dodoma tumia kipimo chako cha Dar, ila maji ya chupa na mimina mara tu yakichemka.

Nikuambie na siri moja ya kazini kwetu. Siku ukisahau kifaa nyumbani lakini mashine ya kusagia unayo, hujasahau kitu. Hapa Moshi sisi waonjaji wa kahawa hatutumii AeroPress wala moka. Unga wa kukwaruza kidogo kwenye kikombe, gramu 8 na robo kwa mililita 150, maji ya moto juu, dakika nne bila kugusa. Utando mnene hujitengeneza juu kama ukoko wa uji. Unauvunja kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa, maana harufu ya pale ndiyo bora katika maisha yote ya hiyo kahawa. Unaondoa povu kwa vijiko viwili, unasubiri machicha yazame, unakunywa na kuacha funda la mwisho. Kahawa za mabilioni ya shilingi zimeamuliwa hivyo. Mimi mwenyewe safari za siku moja sibebi kingine zaidi ya mashine na kikombe cha bati.

Karatasi za kuchujia usizitupe baada ya mara moja, suuza, bandika kwenye kioo cha bafuni ikauke, inatumika tena mara mbili tatu. Kifaa chenyewe ukikipakia, hakikisha kisukumio kimetolewa au kimesukumwa mpaka mwisho. Kikiachwa katikati, mpira wake hujibana na baada ya muda unavuja. Machicha tupa kwenye pipa, usiyapeleke kwenye sinki la watu.

Chupa ya chai beba, lakini ya maji ya moto, si ya kahawa. Kahawa ikikaa humo saa mbili inachacha na kupata ladha ya kifuniko. Na ndani ya basi usitengeneze kitu, hata kama barabara ya Mtera imekulaza. Subiri mshuke. Halafu kahawa na basi unajua mwisho wake, utamsumbua dereva kwa kuchimba dawa kila baada ya nusu saa.

Ukifika stendi ukamkuta mzee na dele lake, makaa chini, vikombe vinagongana mkononi mwake, mnunulie. Kahawa yake imesagwa laini kama poda, imechemshwa muda mrefu, ina tangawizi, haihusiani na haya yote niliyokuandikia, na inafaa mahali pake kuliko chochote kilicho kwenye begi lako. Chukua na kashata.

Limebaki moja hujaliuliza, ila Njombe litakukuta: umeme kukatika alfajiri. Jaza chupa yako ya chai maji yanayotokota usiku kabla hujalala, lakini ipashe joto kwanza kwa maji mengine ya moto, na uijaze mpaka shingoni. Ikiwa ni chupa nzuri ya chuma, asubuhi bado yatakuwa na moto wa kuunguza ulimi, ingawa si wa kahawa niliyokueleza hapo juu. Saga laini zaidi, acha dakika nne, sukuma. Na kwenye mfuko wa pembeni wa begi weka vipakiti viwili vya kahawa ya unga ya kuyeyuka ya Bukoba, kwa ile asubuhi ambayo hata chupa umeisahau. Mimi ninavyo viwili humu ndani tangu mwaka jana.